Mmea wa Kwenye Nusu Pipa

Shangazi yangu hajawahi kutupa kitu kinachoota. Ukimpa kitunguu kilichochipua, atakizika. Ukikata tawi la waridi mbele yake, atakunyang'anya mkononi, na kesho utalikuta limesimama ndani ya kopo la rangi, linasubiri kutoa mizizi. Kwa kazi ni mshonaji wa mapazia, na mapazia yake watu wanayafuata kutoka mbali, lakini moyo wake uko udongoni. Haya ninayoyasimulia yalimpata yeye, mengi yake mchana kweupe, na anayemfahamu atakwambia kwamba si mwanamke wa kutia chumvi. Ana maneno makali, ana kichwa kigumu, lakini uongo hapana.

Yeye na mumewe, fundi saa, walinunua nyumba ya marehemu bibi mmoja. Watoto wa bibi waliiuza harakaharaka, hawakurudi hata kuchukua makabati. Mtu mwingine angejiuliza. Shangazi alichokiona ni bustani iliyokuwa nyuma ya nyumba, akasaini. Ilikuwa bustani ya maua ya kudumu, yale ambayo ukiyapanda mara moja yanarudi yenyewe kila mwaka: mayungiyungi, waridi za kutambaa, mnanaa kando ya bomba. Na katikati kabisa kulikuwa na nusu pipa la chuma lililofukiwa, ukingo wake tu ukichungulia, na ndani yake mmea mmoja mfupi wenye majani mazito, laini kama sikio la mwanambuzi. Hakuna aliyejua jina lake.

Jumamosi moja asubuhi, jua likiwa la kupendeza, shangazi alishika sepetu akaanza kuuzunguka ule ukingo. Mumewe alikuwa kitandani, chumba cha nyuma, dirisha likiwa wazi. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akitundika saa ya ukutani shuleni, akavunjika nyonga, na daktari alikuwa amemkataza hata kukaa. Kazi yake ilikuwa kulala na kutoa maoni.

"Hilo pipa limekukosea nini?" aliuliza kutoka dirishani.

"Linanibania nafasi. Mtu gani anafungia ua ndani ya chuma?"

"Labda ni ua mhalifu."

"Wewe lala upone. Mahakama niachie mimi."

Pipa liligoma, likagoma, kisha likatoka kwa mkupuo mmoja. Shangazi aliupindua mmea akaona mizizi yake imejizungusha ndani mle, myeupe, myembamba, imekazana kama uzi kwenye bobini. Akalichukua panga akaugawa. Ndivyo watu wa bustani wanavyofanya: kisiki kikizidi, unakigawa, kila kipande unakipa mahali pake. Panga liliposhuka mara ya kwanza, mumewe alipiga yowe ndani.

"Nini?"

"Mguu umebana. Endelea tu."

Akaendelea. Vipande akavipanda kando ya kijia, pipa akaliegemeza ukutani. Upande wa pili wa ukuta aliishi jirani mmoja, mama mtu mzima, nesi mstaafu, na wote mtaani walimwita Nesi. Alikuwa akimwagilia mboga zake kwa mpira. Alipoona pipa, alisimama.

"Umelitoa?"

"Nimelitoa, Dada Nesi. Nitakugawia na wewe kipande."

"Marehemu alikuwa halitoi."

"Marehemu alikuwa hajui kugawa," shangazi alijibu, akacheka.

Nesi hakucheka. Aliuacha mpira chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Bomba hakulifunga. Maji yaliendelea kumwagika kwenye mboga mpaka zikalala.

Mvua zilipoanza, mmea uliamka. Mwanzoni shangazi alifurahi, kila mgeni akapelekwa kuuona. Kisha akakuta mayungiyungi yamekabwa. Kisha waridi. Mnanaa, ambao kila mwenye bustani anajua ni mbishi usiotaka jirani, ulinyauka wote kwa siku chache. Majani mazito yale yaliota kwenye nyufa za kijia, yakaota chini ya kamba ya nguo, yakaota ndani ya ndoo aliyoisahau nje. Shangazi akavaa buti akaingia na jembe. Alilima kutwa nzima, akakatakata kila mzizi aliouona, jasho likimtoka, akaulaani mmea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na hilo ndilo kosa lenyewe. Mmea wa aina ile ukiukatakata unauzidishia miguu, kwa sababu kila kipande kinachobaki udongoni ni mche. Shangazi alilijua hilo. Miaka yote alikuwa akiwakaripia wengine kwa kosa hilohilo, lakini hasira haisikii.

Jioni ile mumewe alikuwa na homa.

Wiki iliyofuata vichipukizi vilijaa kila mahali jembe lilipopita. Shangazi alisimama kibarazani na kikombe chake akiviangalia, na ndipo alipoona jambo ambalo mtu asiye wa bustani asingeliona. Mimea hufuata jua. Huu ulikuwa umelipa jua mgongo. Ulikuwa umeacha sehemu yote yenye mwanga na kukimbilia kwenye kivuli cha nyumba, chini ya dirisha la chumba cha nyuma, na majani yake yote, moja baada ya jingine, yalikuwa yamegeukia dirishani.

Akalifunga dirisha. Hakumwambia mumewe kwa nini.

Naye mumewe alikuwa anazidi kulala. Daktari alikuja, akapima, akasema mfupa unaunga vizuri, mengine ni uchovu. Uchovu gani, wakati mtu hafanyi kazi? Alikuwa mwanamume wa utani, mtu wa kumchokoza mkewe kuanzia chai ya asubuhi. Sasa anaanza sentensi anaiacha njiani. Mashavu yakaingia ndani. Shangazi alianza kuogopa kweli, ile hofu ya kuamka na kumwekea mtu mkono kifuani kabla hujamsalimia. Walikuwa hawana mtoto. Walikuwa na mapazia, saa, na wao wawili.

Asubuhi moja alimletea uji. Akafungua macho.

"Umenikanda miguu vizuri," alisema polepole. "Ila mikono yako imekuwa baridi."

Shangazi hakuwa amemkanda. Alikuwa jikoni. Alilifunua shuka. Kati ya vidole vya miguu ya mumewe, mtu ambaye hajakanyaga chini tangu hospitali, kulikuwa na udongo mbichi.

Alichukua beseni akamwosha.

Kisha akatoka nje, akashika jembe, akaenda moja kwa moja chini ya dirisha. Alitaka kuumaliza. Akalinyanyua, akalishusha. Ndani, mumewe akalia. Akalinyanyua tena, akalishusha. Akalia tena. Shangazi alisimama. Labda ni nyonga, alijiambia. Labda amejigeuza vibaya. Akalishusha mara ya tatu, polepole, akikata mzizi mmoja tu mwembamba. Kutoka chumbani ikaja sauti ndogo, kama ya mtu aliyechomwa sindano.

Jembe lilimtoka mkononi.

Alikwenda kwa Nesi bila hata kuvua buti. Nesi alimfungulia, akamtazama, akamvuta ndani. Alizungumza kwa kunong'ona, ingawa nyumbani mwake hamkuwa na mtu mwingine.

"Umeukata?"

"Nimeukata. Niambie. Kama kuna unalolijua, niambie sasa hivi."

"Bibi yule, mume wake alilala chumba hichohicho. Hospitali walishamrudisha, wakasema akamalizie nyumbani. Bibi akasafiri. Alikokwenda sikujui na sitaki kukujua. Akarudi na ule mmea umefungwa kwenye kitambaa. Mume akapona."

"Akapona?"

"Akatembea, akanenepa. Lakini kila Jumamosi bibi alikuwa anapiga magoti pale na mkasi. Anapunguza majani, anapunguza kingo. Mizizi hagusi. Unavyozidi ndivyo anavyopunguza, usitoke nje ya pipa. Nilimuuliza mara moja, Bibi, si uung'oe tu? Akanitazama. Akasema, 'Nikiung'oa nitalala na nani?'"

Shangazi alikaa chini.

"Mwishoni mgongo ukamkataa," Nesi aliendelea. "Akashindwa kuinama. Mmea ukatoka nje ya pipa, ukaenda mpaka dirishani. Mume akafa wiki hiyohiyo, na uliotoka nje ukanyauka wenyewe, ukabaki wa ndani ya pipa. Nilisaidia kulitoa jeneza chumbani, mwenzangu. Nimefanya kazi ya hospitali maisha yangu yote, najua uzito wa maiti. Lile jeneza lilikuwa jepesi. Na likitikiswa, lilikuwa linachakarika. Kama majani."

Nje mvua ilianza.

Shangazi alikimbia. Mlango wa nyuma ulikuwa mgumu kufunguka, na alipousukuma kwa bega aliona kwa nini. Majani yalikuwa yamepita chini yake. Yalikuwa koridoni. Yalikuwa yametambaa kando ya ukuta, yamepinda kona, na kuingia chumbani.

"Mume wangu?"

Mumewe alikuwa amelala chali, macho nusu wazi. Kifua kilipanda, kikakaa, kikashuka. Kilikaa sana kabla ya kupanda tena. Chini ya kitanda simenti ilikuwa imepasuka, na kutoka kwenye ufa ule mizizi myeupe ilipanda moja kwa moja mpaka kwenye godoro. Shangazi alilishika shuka. Akalivuta. Halikuja.

Akapiga magoti akasogeza uso karibu.

Lilikuwa limeshonwa.

Mzizi ulikuwa umepita kwenye shuka, ukapita kwenye pajama, ukaingia kwenye ngozi ya kifundo cha mguu, ukatoka, ukaingia godoroni. Na tena. Na tena. Kutoka kisiginoni mpaka kwenye paja. Haikuwa kazi ya kubahatisha. Ulikuwa mshono wa kurudi nyuma, ule anaoutumia mtu akitaka nguo isiachie kamwe. Kila pigo sawa na jingine. Shangazi anasema, na hapa huwa anashusha sauti, kwamba hajawahi kuona mkono safi kama ule.

Alitaka kukimbilia panga. Alikuwa ameshanyanyuka. Kisha akakumbuka zile kelele tatu za dirishani, akakaa tena.

Alijua kitu kimoja katika dunia hii. Pazia likishonwa vibaya hulikati. Ukikata unaharibu kitambaa. Unafumua.

Akakileta kile kidude chake chenye ncha mbili cha kufumulia mishono. Akakaa sakafuni kwenye tope na majani. Akautafuta mwisho wa mzizi, akaupata juu pajani, umefungwa fundo. Akalilegeza fundo. Hakukata. Akavuta taratibu, pigo moja. Mumewe hakulia. Akavuta la pili. Mzizi ulitoka ngozini bila damu, ukiwa na uvuguvugu.

Alifumua. Mvua ilipiga bati. Alifumua. Alikuwa anasikia mahali fulani, upande wa pili wa kitanda, sauti ndogo ya kitu kinachopenya kitambaani. Tsk. Tsk. Kilikuwa bado kinashona. Alifumua haraka zaidi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Niachie," alinong'ona, hajui anamwambia nani. "Niachie mume wangu. Nitakutunza. Niachie tu."

Sauti ikanyamaza.

Mzizi ukalegea wote kwa pamoja.

Aliuzungusha kati ya kiganja na kiwiko kama anavyokunja uzi, mzima, bila kuukata popote, akaufuata kutoka chumbani, koridoni, mpaka nje kwenye mvua. Akalifukia lile nusu pipa mahali pake pa zamani. Akaupanda. Uliobaki bustanini ulinyauka wenyewe, kabla giza halijaingia, kama nyasi iliyomwagiwa maji ya moto. Aliporudi ndani mumewe alikuwa amegeuza kichwa.

"Umelowa," alisema. "Na mimi nina njaa."

Shangazi alimkumbatia akalia kwa sauti, mpaka yule mgonjwa akaanza kumbembeleza yeye.

Alipona. Akaanza kutembea kwa fimbo, baadaye bila fimbo, utani ukarudi na mashavu yakarudi. Ufa wa chumbani waliuziba kwa simenti. Mayungiyungi yalichipua upya. Shangazi hakumwambia mumewe kitu chochote, na mpaka leo hajamwambia. Kila Jumamosi anapiga magoti kwenye nusu pipa na mkasi wake wa kukatia vitambaa, anapunguza majani, anapunguza kingo, mizizi hagusi. Tukimtembelea anasema bustani ni kazi ya kila wiki, ukilegea inakushinda. Sote tunaitikia kwa kichwa.

Kisha mwaka jana kidole tumbo kikampasukia. Alikuwa kazini, ameinamia meza ya kukatia, akaanguka palepale. Wakampasua siku ileile, na kidonda kikaingia uchafu, wakakataa kumruhusu. Jumamosi ya kwanza ikapita akiwa na mipira puani. Alipopata nguvu ya kushika simu alimpigia Nesi.

"Dada Nesi, nakuomba. Ni majani tu. Dakika chache."

"Niombe chochote kingine, mwenzangu. Figo nitakupa. Pale sipigi magoti." Na akakata.

Kumtuma mumewe mwenyewe pale hakuthubutu, ila alimpigia kila siku. Siku ya kwanza alikuwa mchangamfu. Baadaye alisema amejilaza kidogo. Kisha alisema miguu ina baridi. Kisha sauti ikawa ya mtu anayeanza sentensi na kuiacha njiani. Ilipofika Ijumaa simu iliita mpaka ikakatika. Jumamosi asubuhi shangazi alijing'oa ile sindano ya maji, akasaini karatasi ya kutoka kwa hiari yake huku daktari akimfokea, akaingia kwenye teksi ameshika tumbo. Anasema njia nzima alikuwa akimwona mumewe ndani ya jeneza jepesi. Alikuwa ameshajua nguo atakayomvalisha.

Mlango ulikuwa wazi. Mumewe alikuwa amekaa mezani, amevaa shati safi, anakula mkate. Uso ulikuwa na rangi. Alimwona, akatabasamu, bila mshangao hata kidogo.

"Umebadilisha gauni?" alisema. "Chai yako imepoa. Nimekuita mara mbili, nikaona umezama kwenye bustani yako, nikakuacha."

Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimenywewa nusu.

Shangazi alishika ukuta akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akashuka ngazi moja moja.

Mmea ulikuwa umepunguzwa. Kingo zote zilikuwa safi, majani yaliyokatwa yamerundikwa pembeni, na utomvu ulikuwa bado unatiririka kwenye vikonyo. Udongo ulikuwa umetoka kumwagiliwa. Mbele ya pipa kulikuwa na alama mbili za magoti, zimezama vizuri kwenye tope. Nyayo za kuja hazikuwepo. Za kuondoka hazikuwepo pia.

Alisimama pale muda mrefu. Ndani mumewe alikuwa akipiga mluzi, na shangazi anakiri kwamba jambo la kwanza alilolisikia moyoni lilikuwa shukrani, na hofu ilikuja nyuma yake.

Akashika tumbo lake lenye kidonda, akainama taratibu, akayaweka magoti yake kwenye zile alama mbili. Yaliingia sawasawa. Udongo ulikuwa bado una joto.